Sauti ya Kibanda Cheupe

Namba isiyokuwa na msomaji haiandikwi. Hilo ndilo sharti ambalo Silvano Chilewa aliishi nalo kwa miaka ishirini ya kazi ya upimaji, na hakuwahi kulivunja, hata siku ile ambayo kulivunja hakukuhitaji zaidi ya kuiacha kalamu mfukoni.

Katika kazi yake watu wawili hushika kipimo kimoja. Wa kwanza husoma na kutaja kwa sauti. Wa pili, mwenye daftari, hurudia kwa sauti. Wa kwanza akisikia kimerudiwa sawasawa hujibu, "Andika," na hapo ndipo kalamu inashuka. Pembeni mwa kila mstari kuna safu ya herufi za jina la msomaji, ili namba ikileta matata kesho ijulikane ilitoka kwenye jicho la nani. Wapimaji wengi wakishachoshwa na jua hujisomea na kujiandikia wenyewe, au jioni hujaza kwa kukadiria mistari waliyoiruka mchana. Silvano aliwaona wakifanya hivyo na hakuwaficha dharau yake. Alikuwa akisema kwamba anayekadiria namba moja ameshapindisha ukuta wa nyumba ya mtu asiyemjua.

Alikuwa Mgogo wa upande wa Mpwapwa, darasa la saba, mrefu, mkavu wa maneno. Kazi alifundishwa mwaka 1974 na mpimaji mzee aliyeitwa Sila, na kwa kuwa alifundishwa vizuri hakuona sababu ya kubadilika.

Oktoba 1994 aliwekwa kwenye kilima cha Mwandila, kando ya barabara ya Mpwapwa, pamoja na shemeji yake Lameck Mbogoni, mume wa dada yake Dorkasi. Lori lilikuwa limepandisha juu ya kilima dishi la chuma lenye upana wa chumba. Pembeni ya dishi palikuwa na kontena lenye saa ya ajabu ambayo haikosei hata sekunde moja kwa maisha ya mtu na wajukuu zake, na mafundi wawili wageni waliokaa humo ndani mlango ukiwa umefungwa ili saa isipate joto. Mkuu wa kituo alikuwa Bwana Octavian, mhandisi, mtu wa Bukoba, mpole, aliyevaa suruali zenye mkunjo hata porini.

Siku ya kwanza Lameck alilizunguka lile dishi mara mbili, mikono kiunoni.

"Sasa Bwana Mkuu, hili linasikiliza nini? Mbona hata mpira halitangazi?"

"Linasikiliza vitu vilivyo mbali kuliko nyota zote unazoziona," Octavian alimjibu. "Vinavuma tu. Mvumo wake ulianza safari kabla hujakuwepo wewe wala hiki kilima."

"Na hao wanaovuma, bado wapo?"

"Hatujui. Wengine huenda walishazimika zamani sana."

"Kumbe tunarekodi marehemu!" Lameck alicheka hadi akashika magoti. Silvano hakucheka.

Octavian aliwaeleza vizuri, kwa kuwa aliamini mtu hufanya kazi vyema akijua inakwenda wapi. Madishi mengine ya namna hiyo yalikuwa Ulaya na kusini mwa Afrika. Yote husikiliza mvumo uleule kwa wakati uleule na kuunasa kwenye mikanda. Mikanda ikipelekwa ng'ambo na kulinganishwa, huonekana kwamba mvumo ulifika dishi moja mapema na dishi jingine kwa kuchelewa kidogo, na kutokana na kuchelewa huko hupatikana umbali kati ya dishi na dishi kwa upana wa kidole. Wakirudia baada ya miaka, watajua nchi inasogea kiasi gani na kuelekea wapi.

"Nchi inasogea?" Silvano aliuliza.

"Inasogea. Polepole kama ukucha unavyoota."

Adui wa hesabu hiyo ni unyevu wa hewa. Hewa yenye unyevu huuchelewesha mvumo, na usipojua unyevu ulikuwa kiasi gani utadhani kilima kimehama. Kwa hiyo kila nusu saa, dishi linapokuwa kazini, ilibidi visomwe vitu vitatu: kipimajoto kikavu, kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, na mgandamizo wa hewa. Vyombo hivyo viliwekwa kwenye kibanda cheupe cha mbao, hatua themanini kutoka kontena, nyuma ya majabali, ili joto la mitambo lisivifikie. Lameck alikuwa msomaji. Silvano alikaa mezani chini ya turubai, kando ya kontena, penye saa na daftari. Hawakuonana. Redio za upepo zilipigwa marufuku kwa sababu dishi lingezisikia, na hata mashine ya kusaga ya kijijini ilizimwa kwa makubaliano na serikali ya kijiji. Kwa hiyo walitumia koo zao. Lameck aliita kutoka nyuma ya majabali, Silvano akarudia, Lameck akajibu, "Andika, shemeji," na mara nyingi akaongeza neno: kwamba jua limemtafuna sikio, kwamba kuna kenge anamkodolea macho, kwamba Dorkasi leo ametia chumvi kama anahifadhi samaki.

Dorkasi ndiye aliyewapikia. Alipanga chumba kijijini chini ya kilima, akiwa na mimba ya miezi saba. Nyumba yao ilikuwa Ipagala, mjini Dodoma, imefika usawa wa linta, bado paa.

Ile ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi serikalini. Orodha za wanaoachishwa kazi zilibandikwa ukutani na watu wazima wakasoma majina yao humo. Octavian aliwaambia waziwazi: vipimo vikiisha salama, kituo kitahitaji waangalizi wawili wa kudumu, na majina atakayoyapeleka ni yao wawili. Vikiharibika, hana la kupeleka, na orodha ijayo ni Januari.

"Umesikia, shemeji?" Lameck alisema walipobaki wawili. "Januari hatubandikwi ukutani sisi."

"Fanya kazi kwanza," Silvano alimjibu.

Kipimo cha mwisho kilianza Alhamisi saa tatu asubuhi, kimalizike Ijumaa saa tatu. Asubuhi ilipita kama asubuhi nyingine. Saa tano na nusu Lameck aliita namba zake, akajibu, "Andika, shemeji," akanyamaza. Silvano akaandika, akaweka pembeni L.M.

Saa sita upepo ulikufa.

Watu wa Dodoma wanaujua upepo wao. Oktoba hauachi kuvuma, hubeba vumbi na kulipeleka machoni mwa kila mtu bila upendeleo. Siku hiyo ulikatika ghafla, na turubai lililokuwa likipigapiga tangu asubuhi likaning'inia kimya. Kijijini hapakuwa na mashine iliyosaga. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye vivuli vidogo vya miiba. Dishi liligeuka lenyewe, polepole, likaacha upande wa mashariki na kuelekeza uso wake mahali patupu katika anga ya buluu, penye jua kali na hakuna kingine. Likatulia hapo, likisikiliza.

"Maji, kumi na nane nukta mbili," sauti iliita kutoka nyuma ya majabali.

Silvano alirudia. "Maji, kumi na nane nukta mbili."

"Kavu, thelathini na moja nukta sita."

"Kavu, thelathini na moja nukta sita."

"Hewa, mia nane sabini na saba nukta tisa."

Akarudia.

"Andika."

Akaandika, akaweka L.M. Aliona tu kwamba shemeji yake leo hana mzaha, akamhesabia jambo hilo kuwa jema.

Saa sita na nusu, sekunde ileile mshale ulipogota, sauti iliita tena. Saa saba ikaita. Haikuwahi kuchelewa, na Lameck alikuwa mtu wa kuchelewa dakika moja au mbili na kuomba radhi kwa kelele. Saa saba na nusu Silvano alipaza sauti yake mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea.

"Shemeji! Maji ya kunywa bado unayo?"

Hakujibiwa. Alidhani hakusikika. Saa nane sauti iliita, tulivu, kila tarakimu ikiwa imesimama peke yake, na Silvano akarudia na kuandika. Aliangalia mistari aliyoiandika, na hapo ndipo alipotambua kitu ambacho mkono wake ulikuwa ukikifanya wenyewe. Fomu ilianza na kikavu, kisha cha maji. Lameck, kama vijana wote waliofundishwa baada ya fomu mpya kuletwa mwaka 1982, alianza na kikavu. Tangu saa sita alikuwa akiitiwa maji kwanza.

Hivyo ndivyo alivyofundisha Mzee Sila. Soma cha maji kwanza, alikuwa akisema, kabla pumzi yako haijakiharibu. Waliofundishwa hivyo walikuwa watano tu, na Silvano aliwajua wote. Hakutaka kuanza kuwahesabu waliobaki hai.

Saa nane na nusu sauti iliita, naye akarudia, ikajibu, "Andika." Saa tisa vilevile. Mistari saba.

Saa tisa na robo Lameck alitokea. Hakutoka upande wa majabali. Alipanda kwa njia ya kijijini, anahema, shati limejaa maganda ya karanga.

"Shemeji, nisamehe bure," alisema akiwa bado mbali. "Tajiri wa Dar aliniahidi saa sita, lori limefika saa nane. Magunia kumi na moja ya karanga! Tangu watu waachiwe wauze wenyewe, usipokuwepo unapunjwa." Alikaa juu ya debe, akajipepea kwa kofia. "Nilijua utanisomea. Umenisomea?"

Silvano alimtazama. "Umeondoka saa ngapi?"

"Mara tu baada ya ile ya tano na nusu. Kwani hukuniona napita hapa nyuma?"

"Lameck, acha mzaha wako."

"Mzaha gani? Muulize dada yako, nimekunywa chai kwake." Alichungulia daftari, akaona mistari saba na herufi za jina lake, akatabasamu. "Eh, na jina langu umeniwekea! Ahsante, kaka yangu. Sasa nani alisoma?"

"Uliita wewe."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Lameck kwa muda, likiwa limesahauliwa hapo. Kisha likaondoka.

Walikwenda kibandani pamoja. Kila asubuhi walifagia mchanga kuzunguka kibanda ili waone kama nyoka amepita. Mchanga ulikuwa na alama za raba za Lameck zikienda na kurudi, zile za asubuhi, nazo vumbi la saa tano lilikuwa limezifuta nusu. Juu yake hapakuwa na alama nyingine. Silvano alifungua mlango wa kibanda. Kitambaa cha kipimajoto cha maji, ambacho kwa jua lile hukauka kisipotiwa maji kila saa, kilikuwa kibichi. Kilikuwa kikidondosha tone.

"Tutoke hapa," Lameck alinong'ona.

Octavian aliposikia hakucheka wala hakufoka. Aliingia kontenani na daftari, akalinganisha safu ya hewa na kipimo cha mafundi kilichokuwa humo ndani, akatoka na daftari likiwa wazi mkononi.

"Zinalingana," alisema. "Zote saba, hadi nukta."

Alitaka kuona mwenyewe. Saa tisa na nusu ilipokaribia aliwasimamisha wote wawili mezani, kibanda kikabaki bila mtu. Mshale uligota. Dishi liligeuka, likaelekea pengine patupu. Walisubiri dakika moja, mbili, tano. Hakuna kilichoita. Lakini Silvano, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kusikiliza sauti kutoka mahali asipopaona, alijua tofauti. Kule nyuma ya majabali hapakuwa kimya kama mahali pasipo na mtu. Palikuwa kimya kama mtu aliyenyamaza.

Kwenye mstari wa saa tisa na nusu aliandika: Haikusomwa.

"Bwana Silvano," Octavian alisema kwa upole, "umekaa juani. Wewe pekee hapa unajua huo utaratibu wa zamani wa maji kwanza. Huoni kwamba ni kichwa chako? Huenda ulitembea ukasoma mwenyewe, na hukumbuki."

"Na nyayo zangu ziko wapi?"

Octavian aligeukia upande wa majabali.

"Kama ni kichwa changu," Silvano alisema, "basi hazikusomwa, ziondolewe. Kama si kichwa changu, basi sijui aliyesoma, ziondolewe vilevile."

"Lakini ni namba nzuri! Ndizo nzuri kuliko zote za mwezi huu. Tukipoteza saa tatu na nusu za mchana, kipimo chote cha leo hakina maana, na hicho ndicho kinachofunga mwezi. Mikanda haiendi. Tena wataniuliza msomaji alikuwa wapi, na mimi sitadanganya. Huyu shemeji yako kesho hana kazi."

"Andika wewe ndiye uliyesoma," Lameck alisema haraka. "Mimi nilikwenda haja, tumbo liliniuma, ukanisomea. Si kosa hilo. Herufi mbili tu, shemeji. S.C."

"Sikusoma."

"Basi acha hivyohivyo ilivyo! Usiguse kitu. Nani anakulazimisha kushika kalamu?"

Saa kumi Lameck alirudi kibandani, maana kazi ilikuwa haijaisha. Alisoma akipiga kelele kuliko ilivyohitajika, na baada ya kila namba alikuwa akiita, "Ni mimi, Lameck! Ni mimi!" Sauti yake iligonga majabali na kurudi.

Dorkasi alipanda na sufuria za ugali na mlenda saa kumi na moja. Walikuwa wameshamwambia. Aliweka sufuria chini, akashika kiuno, akakaa kwenye debe la mumewe.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, Doka."

"Wamesema namba ni za kweli."

"Ni za kweli."

"Basi ni nani amedhulumiwa? Nionyeshe mtu mmoja. Mimi nitamuomba msamaha kwa magoti, na tumbo langu hili."

Silvano aliweka kalamu chini. "Doka, pale pameandikwa kwamba Lameck aliziona. Hakuziona. Kuna aliyeziona, na huyo aliniambia niandike nikamtii mara saba. Nikimwacha akae humu kwa jina la mumeo, nitakuwa nimempa jina la mumeo."

Dorkasi aligeuka kuyatazama majabali, akavuta khanga mabegani ingawa joto lilikuwa bado kali. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Unaniogopesha ili nikubali."

"Sikuogopeshi. Nami naogopa."

"Basi ogopa ukiwa na daftari lako. Mimi naogopa Januari."

Aliinuka. Aliacha sufuria zikiwa zimefunikwa, akashuka kilima polepole, mkono mmoja chini ya tumbo.

Inafaa kusema wazi kwamba Silvano hakuwa na mtu wa kumlazimisha. Mkuu wake alimruhusu anyamaze. Mafundi wageni hawakujua lolote. Daftari likishafungwa, hakuna mtu duniani ambaye angeuliza. Wako wanaodhani uaminifu ni kitu cha kuonekana na watu, na kwamba pasipo na shahidi sharti linalala. Watu wa namna hiyo ndio waliojaa maofisini miaka ile, na wengine wamepanda vyeo. Silvano hakuwa mmoja wao.

Ijumaa saa tatu asubuhi dishi lilisimama. Kabla ya kusaini alichukua rula. Kwenye kila mstari kati ya ile saba alipiga mstari mmoja juu ya L.M., mwembamba, ili herufi zilizofutwa zibaki zikisomeka kama taratibu zinavyotaka. Pembeni, mara saba, aliandika: Msomaji hajulikani. Akasaini, akamkabidhi Octavian daftari kwa mikono miwili.

Lameck alikuwa amesimama hatua chache. "Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Kaa naye huyo ndugu yako wa majabalini."

Kijijini mashine ya kusaga iliwashwa tena, na upepo ulikuwa umesharudi tangu alfajiri.

Mikanda ya siku hiyo haikupelekwa. Lameck alifukuzwa kazi Jumatatu iliyofuata kwa kuacha lindo. Nafasi mbili za waangalizi hazikuombewa mtu, na dishi liliondolewa Mwandila kabla ya mvua kuanza. Januari 1995 jina la Silvano Chilewa lilibandikwa ukutani, la tatu kutoka juu. Nyumba ya Ipagala iliuzwa ikiwa haijaezekwa. Dorkasi alijifungua mtoto wa kike mwezi Desemba, na Silvano alipokwenda kumwona mlango haukufunguliwa, wala haukufunguliwa mwaka uliofuata.

Kulishika sharti lile kulimgharimu kazi ya miaka ishirini, na kulimgharimu dada yake wa pekee.